Mbao laini bila wingu la vumbi

Kabla hujashika msasa, noa kisu cha randa mpaka kinyoe vinyweleo vya mkono. Kitokeze kidogo tu, unene wa karatasi, usukume randa kufuata nyuzi za mbao. Ukiona inanyofoka, geuza upande. Kisu kikali hukata nyuzi. Msasa huzikwangua na kujaza karakana vumbi, na vumbi la mvule linawasha vibaya macho na kifua, tusilichukulie poa. Halafu futa mbao kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke kabisa. Nyuzi zilizolala zitasimama. Hapo pitisha msasa namba 220 kwa mkono, mara mbili tatu, basi. Umeme hujatumia, na maranda ya msonobari usiowekwa dawa wafugaji wa kuku wanayapenda sana.