Kuzunguka Vunjo kwa Baiskeli kwa Siku Moja: Himo, Kirua, Kilema na Marangu

Mzunguko huu wa Vunjo, mkoani Kilimanjaro, unaanzia Himo, unafuata barabara kuu kuelekea Moshi mjini hadi njia ya Kawawa, unapanda Kirua, unakatiza Nduoni na upande wa Kilema hadi Marangu Mtoni, kisha unateremka kwa lami kurudi Himo. Ni kilomita kati ya 50 na 60, na mtu mwenye mazoezi ya kawaida huumaliza kwa saa saba hivi pamoja na mapumziko. Ugumu wake hautokani na urefu. Mito inayoshuka kutoka Kilimanjaro imechimba mabonde yanayoelekea kusini, ilhali sisi tunakwenda mashariki, kwa hiyo kila mto unatulazimu kushuka hadi darajani na kupanda tena ng'ambo. Anayelijua hilo hugawa nguvu zake. Asiyelijua huzimaliza zote Kirua.

Hatua ya 1: Siku na baiskeli

Epuka masika, yaani Machi hadi Mei, kwa sababu udongo mwekundu wa huku ukilowa hung'ang'ania tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Mimi hupenda Juni hadi Oktoba, hata kama asubuhi za Julai zina baridi na ukungu.

Jioni ya kuamkia safari, kagua breki kuliko kitu kingine chochote. Inua gurudumu, lizungushe, kamata breki. Ikiwa mkono wa breki unagusa usukani kabla gurudumu halijasimama, kaza waya. Kisha zitoe raba za breki uzitazame kwenye mwanga. Mara nyingi utaona vikokoto vidogo vimejichimbia humo, navyo ndivyo vinavyokwangua rimu na kutoa ule mlio wa kusaga. Vichokoe kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja. Beba pampu, tyubu moja ya akiba, viraka na gundi, spana, na maji yasiyopungua lita 2.

Hatua ya 2: Himo hadi Kawawa

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kipande hiki kina malori ya Holili na mabasi ya Dar es Salaam, nami sikipendi, lakini asubuhi hiyo bado kuna nafasi. Endesha kushoto kabisa, pita Njiapanda na Uchira, na ufikapo Kawawa shuka, uvuke barabara kwa miguu, kwa kuwa njia yetu iko kulia.

Hatua ya 3: Miiba kabla ya kupanda

Ukanda huu wa chini una migunga, na miiba yake huingia tairini taratibu. Zungusha kila gurudumu ukitazama mpira wake. Ikiwa tyubu imetoboka, usizibe tundu tu: pitisha kidole gumba polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima, mpaka uupate mwiba wenyewe. Niliwahi kuziba tyubu kwa haraka bila kufanya hivyo, na mwendo mfupi baadaye ncha iliyobaki ndani ya tairi ikaitoboa tena, pembeni kabisa mwa kiraka.

Hatua ya 4: Kupanda Kirua

Tumia gia nyepesi tangu mwanzo, hata pale unapojisikia una nguvu. Kipimo changu ni mazungumzo: ukishindwa kumwambia mwenzako sentensi nzima, punguza mwendo. Taratibu hewa inapoa, mahindi yanabaki nyuma, na unaingia katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba ikiikinga kahawa kwa kivuli chake na mfereji wa maji, ule unaoitwa mfongo, ukitiririka kando ya njia. Maji hayo ni ya mashamba na mifugo, usiyanywe. Wazee unaokutana nao wape shikamoo, na upunguze mwendo unapowaamkia.

Hatua ya 5: Kuvuka mabonde hadi Marangu Mtoni

Hapa ndipo penye kazi. Barabara ina vipande vya lami na vya udongo, na mteremko wa kwenda darajani huwa na kona ambayo huioni mwisho wake. Kamata breki zote mbili kwa vipindi vifupi, uachie, ukamate tena. Ukizishikilia mfululizo rimu hupata moto, na utasikia harufu ya raba kabla hujahisi kwamba breki zimelegea. Sogeza makalio nyuma ya kiti. Kupanda ng'ambo, hakuna aibu kusukuma.

Unapouliza njia, usiulize kilomita. Uliza imebaki mito mingapi kufika Marangu, na wenyeji watakujibu kwa uhakika, maana wao wenyewe huivuka kwa miguu. Upande wa Kilema pumzika ule: ndizi, chapati, au mtori ukiupata. Wamisionari Wakatoliki walifungua misheni yao Kilema mwaka 1890, nao wanatajwa kuwa ndio walioileta kahawa Uchagani. Mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, iache hadi utakapomaliza safari.

Hatua ya 6: Marangu hadi Himo

Kaza breki upya Marangu Mtoni kabla ya kuushika mteremko. Lami ni nzuri na mwendo unapanda bila wewe kukanyaga pedeli, kwa hiyo chunga bodaboda wanaoingia kutoka vichochoroni na daladala zinazosimama ghafla kupakia abiria. Ukifika Himo kabla ya saa kumi na moja jioni, utapata Hiace ya Moshi mjini yenye nafasi ya kufunga baiskeli kwenye keria. Patana na kondakta nauli ya mzigo kabla baiskeli haijapandishwa.