SOMO: Mbegu ya kiume inavyoivishwa na chumvi mpaka ilifae yai

Mwakeye wadau. Juzi hapa Mwanga jamaa kaniletea karatasi ya vipimo, mbegu nyingi na zinaogelea safi, anauliza mbona mke hashiki mimba mwaka wa pili sasa. Nikamwambia kaka, kuogelea ni kitu kimoja na kuiva ni kingine, mbegu ikitoka tu kwa mwanaume bado mbichi, hata uilaze pembeni ya yai haifanyi kitu. Hilo waligundua M. C. Chang kule Marekani na Colin Austin kule Australia mwaka 1951, kila mtu kivyake, kwa sungura na panya. Kinachoivisha ni ioni, yaani chumvi ikishayeyuka. Ya Uvinza ukiitia kwenye maji inagawanyika sodiamu huku kloraidi kule, basi ndo hizohizo.

HATUA YA 1. Mbegu inasubiri kwenye mfereji uliojikunja nyuma ya korodani. Humo kuna uchachu na bikaboneti, ile ioni iliyomo kwenye magadi, ni kidogo sana, kwa hiyo inatulia, haipotezi nguvu.

HATUA YA 2. Ikitoka inachanganyika na maji ya tezi dume yenye zinki nyingi. Zinki inaziba mlango wa kwenye mkia uitwao Hv1, ule wa kutolea uchachu. Yaani kufuli.

HATUA YA 3. Mbegu inapenya ute wa shingo ya kizazi, shahawa inabaki nyuma, zinki inapungua na kufuli linaachia. Uchachu unatoka, ndani panakuwa kimagadi-magadi, huku bikaboneti inaingia na kuwasha kimeng'enya kinachoamsha mkia. Wakati huohuo protini ya albumini inakwangua kolesteroli kwenye ngozi ya mbegu, ngozi inalegea. Hapa ni kazi ya masaa, sio dakika.

HATUA YA 4. Potasiamu inatoka, chaji ya umeme ndani ya mbegu inazidi kuwa hasi. Nyie pita tu.

HATUA YA 5, hii ndo tamu. Kalsiamu nje ni karibu mara 10,000 ya iliyoko ndani, imejaa mlangoni inasubiri. Mlango wake upo mkiani, unaitwa CatSper, ulitambuliwa 2001. Ule uchachu uliotoka ushaulegeza, alafu seli zinazozunguka yai zinamwaga projesteroni, na 2011 ilionekana kwamba kwa binadamu homoni hiyo inafanya mlango huo ufunguke. Kalsiamu inafurika. Kabla ya hapo kwenye hadubini mkia unacheza taratibu mbegu inaenda mstari ulionyooka, sasa unaanza kuchapa kama mgebuka aliyetupwa ndani ya mtumbwi, huku na huku kwa nguvu, na ndo nguvu ya kupenyea ganda la yai. Kichwani nako kifuko cha vimeng'enya kinapasuka.

MASWALI

Mdau wa Kasulu: Mwalimu, kwa hiyo nikila chumvi nyingi mbegu zinaiva haraka?
— Hapana mkuu, utapandisha presha tu. Figo zinalinda chumvi ya damu isipande ovyo, na kuiva kwenyewe kunafanyika kwa mwanamke sio kwako.

Mama Wawili: Na sisi tunaoambiwa tujisafishe na magadi ili njia isiwe chachu?
— Acha dada yangu. Uchachu wa uke ni ulinzi dhidi ya vijidudu, na shahawa yenyewe ina umagadi wa kutosha kuupoza kwa muda.

Ujiji Kwetu: Wanaopandikiza mimba maabara wanafanyaje wakati hapo hamna kizazi?
— Swali zuri. Wanaiosha mbegu shahawa itoke, wanaiweka kwenye maji yenye bikaboneti, kalsiamu na albumini, kwenye joto la mwili. Hatua ya 3 hiyohiyo ila kwenye kichupa.

Mdau wa Kasulu: Sasa yule jamaa wa Mwanga tatizo lake ni hiyo milango?
— Sijasema hivo. Kipimo cha kawaida kinahesabu mbegu, mwendo na umbo, milango hakiioni. Nimemwambia arudi hospitali na mkewe, waangaliwe wote wawili, mirija na kila kitu. Kasema wanaenda Jumatatu.