Kitenzi cha Kihispania *tener*: kianzie kwenye "-na", si kwenye Kiingereza

Wengi wetu tunajifunza Kihispania kwa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na vitabu hivyo hutumia kurasa nyingi kumzoesha msomaji kwamba Mhispania "ana njaa" na "ana haraka". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuzoeshwa. *Tengo hambre* ni "nina njaa", *tengo prisa* ni "nina haraka", neno kwa neno. Weka Kiingereza pembeni, upite moja kwa moja kutoka "-na" hadi *tener*. Mitego ipo, lakini ni mingine kabisa, na hiyo ndiyo tutakayoikalia.

Hatua ya 1: Maumbo sita

yo tengo – nina
tú tienes – una
él / ella / usted tiene – ana (au "una", kwa heshima)
nosotros tenemos – tuna
vosotros tenéis – mna (Hispania)
ellos / ellas / ustedes tienen – wana (au "mna")

*Usted* ni "wewe" wa heshima, lakini kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu: *¿Tiene usted hijos?* Amerika ya Kusini na ya Kati *vosotros* haitumiki, watu wote wengi ni *ustedes*. Ukienda Argentina au Uruguay utasikia *vos tenés* badala ya *tú tienes*. Ielewe tu, si lazima uitumie.

*Ng* ya *tengo* itamke kama ya "ngoma", si kama ya "ng'ombe". *Tienes* ina silabi mbili: *tie-nes*. Wanaoitamka *ti-e-nes* wanaongozwa na silabi za Kiswahili.

Usianze kila sentensi kwa *yo*. Nafsi imo ndani ya kitenzi, kama ilivyo katika "nina". *Yo tengo* huwekwa pale unaposisitiza: mimi ninacho, yeye hana. Ngeli nazo hazikusumbui: kina, ina, lina na una (mti una) zote ni *tiene*, vina, zina, yana na ina (miti ina) zote ni *tienen*. *La casa tiene tres habitaciones*, nyumba ina vyumba vitatu. Kukanusha ni kuweka *no* mbele: *no tengo dinero*, sina pesa.

Hatua ya 2: Mwili na hisia

Kundi la kwanza linafuata "-na" bila shida: *tener hambre* (njaa), *sed* (kiu), *fiebre* (homa), *suerte* (bahati), *prisa* (haraka), *paciencia* (subira). Hata *¿Qué tienes?* hutumika kama "una nini?" tunavyomuuliza mtu anayeonekana mgonjwa au mwenye huzuni.

Kundi la pili ndilo lenye mtego, kwa sababu sisi husema "nasikia" au "naona":

nasikia baridi – tengo frío
nasikia joto – tengo calor
nasikia usingizi – tengo sueño
naona aibu – tengo vergüenza
naogopa – tengo miedo

Usitafute *oír* (kusikia kwa masikio) wala *ver* (kuona kwa macho). *Oigo frío* haina maana yoyote kwa msikilizaji.

Kuhusu joto, tenganisha mambo matatu. Mtu anayesikia joto: *tengo calor*. Hali ya hewa: *hace calor*. Kitu cha moto kikiguswa: *la sopa está caliente*. Usiseme *estoy caliente* ukimaanisha jua limekuchoma, kwani maana inayosikika kwanza ni kwamba una ashiki.

Sasa neno "sana". Kiswahili kinasema "tamu sana" na "njaa sana" bila kubagua. Kihispania kinabagua: kivumishi huchukua *muy*, nomino huchukua *mucho* au *mucha*. *Hambre* ni nomino, kwa hiyo *tengo mucha hambre*. *Muy hambre* ni kosa, na ni kosa la kila wiki kwa wanaoanza. Zenye *mucha*: hambre, sed, prisa, suerte, fiebre, vergüenza, paciencia. Zenye *mucho*: frío, calor, sueño, miedo, cuidado (uangalifu). Huenda ukaona *el hambre* ukadhani ni ya kiume. Ni ya kike. *El* imewekwa kwa sababu neno linaanza na sauti ya *a* yenye mkazo (*h* haitamkwi).

Hatua ya 3: Umri

*¿Cuántos años tienes? Tengo veinte años.* Nina miaka ishirini. *Soy veinte años* si Kihispania. Neno *años* usiliache, na kialama cha juu ya *ñ* usikisahau: sauti yake ni "ny" ya "nyumba". Bila kialama unaandika *anos*, yaani matundu ya haja kubwa. Simu nyingi hutoa *ñ* ukibonyeza *n* kwa muda kidogo.

Hatua ya 4: *Tener que*, yaani lazima

Hapa Kiswahili chenyewe ndicho kinachokupoteza. "Lazima nifanye kazi": kitenzi cha pili kimebeba nafsi, "ni-". Kwa hiyo mwanafunzi huandika *tengo que trabajo*. Katika Kihispania nafsi hubebwa mara moja tu, na *tengo*. Kitenzi kinachofuata *que* hubaki katika umbo la kamusi, lenye -ar, -er au -ir:

Tengo que trabajar – lazima nifanye kazi
Tienes que comer – lazima ule
Tenemos que salir – lazima tutoke

*Que* haiachwi: *tengo trabajar* ni kosa. Kama hutaji anayelazimika, tumia *hay que*: *hay que esperar*, inabidi kusubiri. Ukikanusha, *no tienes que ir* kwa kawaida ni "si lazima uende". Kumkataza mtu, sema *no debes ir*.

Hatua ya 5: "Ina" na "kuna"

"Nyumba ina" na "nyumbani kuna" zote zina "-na", ndiyo maana watu huandika *en la mesa tiene dos libros*. Kama Kiswahili kingesema kuna, pana au mna (ya mahali), tumia *hay*: *en la mesa hay dos libros*. *Hay* haibadiliki kwa umoja wala wingi. Kama mmiliki anatajwa, tumia *tener*: *la mesa tiene cuatro patas*, meza ina miguu minne.

Hatua ya 6: Wakati uliopita

Kuna seti mbili. *Tenía, tenías, tenía, teníamos, teníais, tenían* ni hali iliyokuwa ikiendelea. *Tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron* ni tukio lililotokea na kukamilika. Jaribu kwanza kuisema sentensi yako kwa Kiswahili. Ikitoka "alikuwa na", mara nyingi utahitaji *tenía*. Ikitoka "alipata", ni *tuvo*.

Tenía un hijo – alikuwa na mtoto
Tuvo un hijo – alipata mtoto

Vivyo hivyo *tuve que ir* ni "ilinibidi niende", na nilienda. *Tenía que ir* ni "nilitakiwa kwenda", na huenda sikwenda.

Zoezi

Tafsiri bila kuangalia juu: (1) Nasikia usingizi sana. (2) Dada yangu ana miaka kumi. (3) Lazima tule. (4) Chumbani kuna kitanda. (5) Si lazima ulipe.

Majibu: (1) Tengo mucho sueño. (2) Mi hermana tiene diez años. (3) Tenemos que comer. (4) En la habitación hay una cama. (5) No tienes que pagar.

Ukikosa ya 3 au ya 5, rudia hatua ya 4 kwa vitenzi kumi unavyovitumia kila siku, ukivisema kwa sauti katika nafsi zote.