Somo: Kumfuatilia kipepeo mkubwa wa buluu wa Uingereza

Jina lake la kisayansi ni Phengaris arion. Mlioko Uingereza mnaweza kumwona Juni pale Collard Hill, Somerset, ambako wageni wanaruhusiwa.

Hatua ya 1. Usimtafute kipepeo kwanza. Tafuta mteremko unaopigwa na jua, wenye nyasi fupi zilizoliwa na mifugo, na thaimu ya porini imetambaa chini.

Hatua ya 2. Angalia matumba ya thaimu. Jike hutaga humo yai mojamoja. Tazama kwa macho tu, usichume ua, maana kipepeo huyu analindwa na sheria. Kiwavi hula maua kwa wiki mbili tatu, kisha hujiangusha ardhini.

Hatua ya 3. Hapa ndipo ninapopapenda. Kiwavi, mdogo kuliko punje ya mchele, hutoa tone tamu na harufu ya kumhadaa sisimizi mwekundu, Myrmica sabuleti. Sisimizi humbeba hadi kiotani akidhani ni mtoto wa nyumbani. Kiwavi hukaa humo miezi kama kumi akila watoto wa wenyeji wake, na karibu uzito wake wote huupata humo. Akishakuwa pupa hutoa sauti inayofanana na ya malkia wa sisimizi, nao humtunza. Juni hutoka, hupanda kijiti, hukunjua mabawa. Baada ya hapo huishi siku chache tu.

MASWALI

Mwalimu, ni kweli wakusanyaji wa vipepeo ndio waliommaliza Uingereza?

Walilaumiwa sana, hata sehemu nyingine ikazungushiwa uzio. Uzio ule ukazuia na mifugo! Miaka ya 1950 ugonjwa wa miksomatosi uliua sungura, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi yule akapotea. Mwanasayansi Jeremy Thomas aligundua hayo miaka ya 1970, ila 1979 kipepeo alikuwa ametoweka nchini. Wa sasa ni uzao wa walioletwa kutoka Sweden kuanzia 1983.

Nikipanda thaimu bustanini atakuja?

Panda, dada, nyuki watashukuru. Lakini pasipo sisimizi yule, kiwavi hana pa kukulia.

Viwavi wengi wakiingia kiota kimoja?

Chakula huisha, wengi hufa njaa. Kiota kikubwa aghalabu hutosha kulisha mmoja tu, ndiyo maana mteremko mzima unahitaji viota vingi.