Kabla hujalipia raba ya mtumba, chomoa soli ya ndani

Nusu marathoni yangu ya kwanza kule Moshi niliikimbia na raba saizi 42, namba ileile ninayovaa kwenye viatu vya ofisini. Kupanda kuelekea Mweka sikusikia kitu. Kwenye kuteremka ndipo vidole vikaanza kugonga mbele, kila hatua. Ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi tii, na wiki chache baadaye ukang'oka wenyewe ndani ya soksi, nikiwa kwenye daladala. Na raba zilikuwa mpya, za dukani, muuzaji ameniapia kwamba ndiyo saizi yangu.

Siku hizi natumia sentimita. Weka karatasi sakafuni, egemeza kisigino ukutani, simama wima, tia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kuna watu kwao ni cha pili, si gumba). Pima miguu yote miwili na ufuate mkubwa. Mimi wa kulia una 26.5. Kwenye lebo iliyoshonwa nyuma ya ulimi wa raba nyingi, kando ya namba za Uingereza na Marekani, utaona CM (sentimita) au JP (saizi ya Kijapani, nayo ni sentimita). Hicho ndicho kipimo cha urefu wa mguu. Kwa kukimbia ongeza nusu sentimita hadi moja, kwa hiyo mimi natafuta 27 au 27.5.

Nenda jioni. Mguu uliosimama kutwa umevimba kidogo, kama unavyovimba ukikimbia. Mimi hushukia Karume, soko la mitumba la Dar, nikitoka kazini, soksi za mazoezi zimo kwenye begi, na saa hizo bei nayo imeshalainika.

Ukipata raba iliyokuvutia, usiivae kwanza. Chomoa soli ya ndani, iweke chini, ikanyage. Kidole kidogo kikimwagika nje, hiyo ni nyembamba, irudishe. Sisi tuliokulia kwenye ndala nyayo zetu zimetanuka mbele, na raba nyingi zimechongoka. Muuzaji atakwambia, "Bosi, ukiivaa siku mbili inajiachia." Kitambaa cha juu kinaweza kulegea kidogo, lakini urefu hauongezeki hata uivae mwaka. Ukiwa umesimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Sasa sponji, ile tabaka nene laini iliyo juu ya soli ya chini, maana kwenye mtumba hapo ndipo tunapopigwa. Soli ya chini inaweza kuwa na meno yote na raba ikawa imekufa. Bonyeza ubavuni, kwenye kisigino, kwa kidole gumba: sponji nzima inabonyea na kurudi. Iliyokwisha ni ngumu kama kandambili ya zamani, au imejaa mikunjo mingi midogo. Kisha iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshaipinda kwa mwendo wake, na wewe utalipishwa na goti. Inuse pia. Harufu ya gundi mbichi ni dalili kuwa imebandikwa jana. Mwisho ikunje: inatakiwa ijipinde kwenye vifundo vya vidole, pale mguu wenyewe unapojipinda. Ikijikunja katikati kama chapati, achana nayo.

Raba za mashindano zenye bamba gumu la kaboni ndani ya sponji, za aina waliyozoea kuvaa wakimbiaji wa marathoni kina Kipchoge, usihangaike nazo kama unatafuta ya mazoezi ya kila siku. Rangi usiulize kabisa.

Funga kamba zote mbili, kimbia kati ya vibanda mpaka wakucheke. Kisigino kikiruka, pitisha kamba kwenye lile tundu la mwisho la juu ambalo wengi hawaligusi, ukaze, ujaribu tena. Kama kuna mahali panabana au panachoma pale pale sokoni, kwenye kilomita ya kumi patakuwa kidonda.

Nyumbani anza na kilomita 3 au 4, na usiipeleke mpya kwenye mashindano. Mimi huandika tarehe kwa kalamu chini ya soli ya ndani. Kwa kawaida raba hufika kilomita 500 hadi 800, ila ya mtumba hujui mwenzako alishakula ngapi, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi naipima tena kwa kidole gumba. Ninayotumia sasa nilitajiwa 55,000, nikaichukua kwa 38,000, na kisigino cha kulia kimeshaanza kuwa kigumu.