Namna ya kuandaa siku ya wanaume kupima afya kazini, na kuhakikisha wanatibiwa

Kabla ya kutafuta mashine ya presha, tafuta kwanza mahali watakapotibiwa watakaokutwa na tatizo. Siku nyingi za kupima hufeli hapa: watu wanapimwa, wanapewa karatasi yenye namba, wanaiweka mfukoni, basi. Presha na kisukari haviumi mwanzoni, kwa hiyo mtu anayejisikia mzima hana sababu ya kupanga foleni kesho yake.

Wiki nne kabla, onana na mkuu wa kituo cha afya kilicho karibu. Mkubaliane kwa maandishi nani atawapokea watakaotumwa, siku gani na saa ngapi. Omba angalau siku mbili za jioni, baada ya saa za kazi. Wanaume wengi hukwepa kliniki kwa sababu inafunguliwa na kufungwa wakiwa kazini, na wengine siku wasiyofanya kazi hawalipwi. Ndiyo maana mwajiri naye lazima atoe ahadi mbili: muda wa kupima uhesabiwe kuwa muda wa kazi, na matokeo ya mtu yasifike ofisini kwa mwajiri. Ahadi hizo zibandikwe ukutani. Wafanyakazi wakihisi matokeo yatatumika kuwaachisha kazi, hawatakuja, na hatuwezi kuwalaumu.

Watu na vifaa vikadirie hivi. Mpimaji mmoja wa presha akifanya kazi sawasawa huhudumia watu kama 10 kwa saa, ilimradi kuna viti vinne au vitano vya kupumzikia kabla ya zamu. Kwa wanaume 60 katika asubuhi yenye muda wa saa nne, weka meza mbili za presha, moja ya sukari, moja ya mnasihi iliyofichwa na pazia, na mtu mmoja wa kuandikisha. Mashine ziwe za kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Kila meza ya presha iwe na mkanda wa kufunga mkononi, wa kawaida na mkubwa. Pima mzingo wa mkono kwanza: kwenye mikanda mingi wa kawaida unafaa sentimita 22 hadi 32, zaidi ya hapo vaa mkubwa, ila soma kilichoandikwa kwenye mkanda wenyewe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mtu asiye na tatizo anaweza kurudi nyumbani akiamini ni mgonjwa.

Presha ndiyo kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote vya siku hiyo, kwa hiyo usikiharakishe. Mtu awe hajavuta sigara, hajanywa kahawa wala kufanya kazi nzito kwa dakika 30, na awe amekwenda haja ndogo. Akae dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini bila kukunjwa nne. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, namba hupanda. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita mbili au tatu juu ya kiwiko. Asizungumze, na mpimaji naye asimsemeshe. Kosa hili ni la kila mahali: mpimaji mchangamfu anamuuliza mtu habari za watoto huku mashine inajaza upepo.

Kipimo cha kwanza kikiwa chini ya 130/85, inatosha. Kikizidi, rudia mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, kisha chukua wastani wa viwili vya mwisho. Wastani ukifika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini, usimwambie "una presha". Mwambie presha yake leo iko juu na inatakiwa kurudiwa kituoni siku nyingine, ndani ya wiki nne. Ikifika 180 kwa namba ya juu au 120 kwa ya chini, mpumzishe na urudie. Ikibaki hapo, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Akiwa pia na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali papo hapo.

Kwa sukari, mtu anawe mikono kwa maji na sabuni na akauke vizuri. Aliyetoka kumenya tunda anaweza kuonekana na sukari ya juu inayotoka kwenye ngozi yake tu. Toboa ubavu wa kidole, usikikamue kwa nguvu. Sindano ni ya mtu mmoja, kisha inaingia kwenye sanduku la usalama. Akifika 7.0 mmol/L bila kula kwa saa nane, au 11.1 wakati wowote, apelekwe maabara kuthibitishwa. Kiuno pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi: zaidi ya sentimita 94 ni dalili ya hatari, zaidi ya 102 ni kubwa zaidi.

Wengi watauliza kuhusu tezi dume. Usiweke meza ya kupima PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kwa kila apitaye. Namba hupandishwa pia na maambukizi ya mkojo, kuvimba kwa tezi kusiko saratani, hata kutoa manii siku moja au mbili kabla, na inaweza kumwingiza mtu kwenye vipimo na tiba asizohitaji. Mnasihi amweleze faida na madhara, hasa mwenye baba au kaka aliyeugua, kisha aamue akiwa na daktari wake.

Kila anayepewa rufaa aondoke na tarehe, siyo "nenda ukipata nafasi". Kwa idhini yake, andika namba yake ya simu. Mpigie baada ya wiki mbili, na tena baada ya miezi mitatu.

Ripoti kwa mwajiri na idara ya afya iwe na namba nne: waliopimwa, waliopewa rufaa, waliofika kituoni, walioanza matibabu. Kundi lenye watu chini ya watano lisitajwe peke yake, maana watatambulika. Ayalandi, nchi ya kwanza kuwa na sera ya kitaifa ya afya ya wanaume, iliyohusu 2008 hadi 2013, ilitambua mahali pa kazi kuwa sehemu ya kuwafikia. Ikiwa waliofika kituoni jioni ni wengi kuliko waliofika asubuhi, ambatanisha ripoti hiyo na barua ya kuomba kliniki ya jioni iwe ya kudumu.