Jinsi ya kuifanya sumaku ielee hewani kwa superkondakta

Superkondakta ni kitu ambacho kikipozwa sana kinapitisha umeme bila kizuizi, na hapa tunatumia YBCO, kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni. Kwanza usinunue kidonge chochote tu cha YBCO. Vipo vilivyochomwa tu kama kigae, hivyo vinaisukuma sumaku kidogo basi, unachotaka wewe ni kile kilichoyeyushwa kikakuzwa taratibu mpaka kikawa fuwele moja, bei imechangamka lakini ndo kinachoshika.

Ya kupozea ni naitrojeni ya maji, yaani gesi ya naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, waulize wahimilishaji wa ng'ombe, mitungi yao ya mbegu inatumia hiyo hiyo, digrii -196, na YBCO inaanza kazi kwenye kama -181 hivi kwa hiyo inatosha kabisa. Fungua madirisha, vaa miwani, na usiitie kwenye chupa ya chai ukakaza kifuniko, HAPANA, itapasuka.

Haya, weka kidonge kwenye kile kikontena cheupe cha chipsi, juu yake kadibodi ya kama nusu sentimita, halafu sumaku ndogo ya neodimiamu juu ya kadibodi. Hapa ndo wengi wanakosea, wanapoza kidonge kwanza, sumaku wanaileta baadaye, inasukumwa inateleza pembeni wanasema kidonge kibovu. Sumaku iwepo KABLA hujamwaga.

Mwaga naitrojeni taratibu. Itachemka kwa fujo, inalia kama mafuta ya maandazi, we subiri mpaka itulie, ikipungua ongeza. Ikishatulia vuta kadibodi kwa koleo la plastiki. Sumaku inabaki pale pale hewani! Isukume kidogo inarudi, izungushe inazunguka tu, mimi sijawahi kuzoea kuiangalia.

Kinachoishika ni dosari ndogo ndogo ndani ya fuwele jamani. Uga wa sumaku unaingia kwenye kidonge kama nyuzi, kiini cha kila uzi ni nanomita chache tu, ukikutana na dosari ya saizi yake unanasa hapo. Ndo maana kwenye tepu za superkondakta, yaani nyaya bapa kama utepe, watu wanapanda makusudi vijiti vya kemikali ya bariamu zirkoneti vya upana wa nanomita chache, ili tepu ibebe umeme mwingi hata ndani ya uga mkali. Tepu za jamii hii ya YBCO ndizo chuo kikuu cha MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems kule Marekani walizungushia sumaku iliyofika tesla 20 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) Septemba 2021, kwa ajili ya mitambo ya fyusheni, ile ya kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomu.

Ukimaliza usikiache kidonge na ule umande, maji yanakila. Kikaushe chini ya taa, kifunge kwenye mfuko pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye boksi la viatu.